Mashuka Themanini na Nne

Barua ilibandikwa juu ya birika la maji,
ukurasa mmoja, muhuri umekaa upande:
kuanzia tarehe mosi, kwa ajili ya kubana matumizi,
zamu ya usiku ya dobi imeondolewa;
sabuni ya unga, nusu mfuko kwa wiki;
mipira ya mikono itumike kwa busara.

Bikombo alisoma kwa sauti, maana miwani anayo yeye.
Alipofika kwenye busara akacheka mpaka akakohoa.
Mpira uliotoboka una busara gani?
Na yule bwana wa hesabu, kwa upole wake,
katwambia kila mtu akaze mkanda.
Mimi navaa kanga.
Sina mkanda, wala tundu la kuongeza.

Usiku ule Rubeya alinipigia kutoka Ugiriki.
Ndugu yangu wa tumbo moja, analea bibi wa watu,
Bi Despina, fundi cherehani wa zamani;
anamwogesha, anamkata kucha, anamsomea bei za dawa.
Pensheni yake imekatwa mara ya tatu.
"Leo kanambia nimsukume na kigari chake mpaka uwanjani,
kapakata sufuria ya maziwa na mwiko.
Sikiliza."

Nikasikiliza.
Mwanzo nilidhani mvua juu ya mabati,
kisha nikajua ni vyombo vya jikoni, maelfu,
vinagongwa na watu waliochoka kusema.
Wanataka nini? nikamuuliza.
"Wanataka hesabu ipigwe upya,
ianzie kwa aliyekula."
Akanitajia na jina la jambo lenyewe kwa lugha ya kule,
refu, kavu, la kukwaruza koo,
na maana yake ni ile ile, kubana matumizi.
Kumbe neno lina pasipoti!
Limefika Wete kabla ya sabuni.

Sisi hatukugonga sufuria.
Wodi ya wazazi tumepakana nayo ukuta,
na mtoto wa siku mbili hushtuka.
Tulifanya tunachokijua: tulianika.
Themanini na nne, nilihesabu mwenyewe,
hayajaona maji tangu Ijumaa.
Kamba tuliifunga nguzo ya umeme
tukaivuta mpaka uzio wa ofisi ya hesabu,
tukayabana kwa vibanio, moja moja,
kwani kubana nasi tunajua.

Bango hatukuandika.
Shuka la mwanamke wa Kiuyu, aliyejifungua pacha saa tisa usiku.
Shuka la kijana aliyeanguka na tawi la mkarafuu,
limekauka likawa gumu kama jamvi.
Shuka la mzee Shaame, ambaye hakuhitaji tena jengine.
Shuka moja jeupe, safi kabisa:
Mchanga alilifua nyumbani, kwa sabuni yake,
kwa pesa ya daftari la mwanawe.

Upepo ukapitisha harufu dirishani.
Bwana wa hesabu akatoka, leso puani.
Mnataka nini?
Mchanga, ambaye hata salamu huitikia kwa kope,
ndiye aliyejibu: "Tunataka uje uhesabu."
Akahesabu, namshuhudia.
Alipofika thelathini na moja
akakaa kwenye ngazi, akawa hasemi.

Sabuni imerudi, si yote.
Zamu ya usiku, tunaambiwa, inajadiliwa.
Bikombo kahamishiwa Makangale; uhamisho wa kawaida, wamesema,
kama kwamba kawaida haina anayeitia saini.
Nilimpelekea Rubeya picha ya kamba yetu.
Bi Despina kaitazama sana, anasema,
kisha kauliza vile vibanio ni vya mti au vya plastiki.
Vya mti. Kafurahi.

Asubuhi ya kuondoka, Bikombo aliweka miwani yake juu ya birika.
"Barua nyengine itakuja," kasema. "Nani atasoma?"
Macho yangu na yake si mamoja,
herufi zinaogelea, zinagongana.
Najizoeza kidogo kidogo
kwa maandishi ya mfuko wa sabuni.